Sauti Moja Tu

Jumatatu, 4 Machi
Mama kakubali nitengeneze filamu kuhusu mdogo wangu na ugonjwa wake wa akili. Sharti moja: sura yake isionekane. “Mwanangu si nguo, usimwanike.” Haya! Nitapiga picha nyumba tu: komeo lililo nje ya mlango wake, kioo kilichofunikwa shuka, kiti chake cha dirishani. Bwana Mkubwa mwenyewe — tunamwita hivyo tangu anatambaa — kauliza kama nyota wa filamu huosha vyombo. Nimecheka hadi kamera ikatikisika.

Alhamisi, 7 Machi
Studio kutwa. Waigizaji watatu wamenong'ona, wamekemea, wamecheka ovyo. Nimezichanganya sauti zao ziwe kama zile anazosikia mdogo wangu kichwani. Zinatisha! Fundi mitambo kasisimka mwili.

Jumamosi, 9 Machi
Nimemvisha Bwana Mkubwa hedifoni asikilize. Kaangua kicheko. “Dada, mbona umati hivi? Kuna harusi?”
Kisha kazivua. Anayoisikia yeye ni moja tu, kasema. Ya mwanamke. Haifoki. Inamwambia polepole, kwa huruma: umetuchosha, nenda zako tupumzike.
Ya nani?
“Yako.”
Nikaenda jikoni kuosha vyombo visafi. Nimelia mno. Miaka yote hii nikimwita aje kula, anamsikia nani?

Jumapili, 10 Machi
Bwana Mkubwa ana ombi. Niyaseme maneno yale yale kwenye maikrofoni, kwa kinywa changu. Akinisikia mimi halisi, atajua ile nyingine si mimi. Anataka azipambanishe.
Mama kachachamaa. Maneno huumba, anasema, hayo hayatamkwi nyumbani kwake!
Nami naogopa. Je, zikifanana?

Jumanne, 12 Machi
Tumeanza. Kanyoa ndevu, kavaa shati la kutokea, kama anayekwenda kuposa. Mama kajifungia chumbani, lakini redio kaizima. Anasikiliza.
“Ila usinihurumie, dada. Ile ndiyo inanihurumia.”
Nikawasha maikrofoni. Nikakaza sauti, nikataka iwe kavu, ya mtu anayesoma tangazo. Umetuchosha... Weee! Imetoka polepole. Imetoka na huruma yote niliyonayo. Ningefanyaje? Ni mdogo wangu.
Kafumba macho.
Kaenda kunywa maji. Kasema akirudi turudie. Naandika nikimngoja. Nilitaka kumwita, nikajizuia — nimwite kwa sauti ipi?
Bomba la jikoni bado linamwaga maji, muda mrefu kuliko wa kujaza glasi moja.