Kibali Ambacho Hakikuombwa

Dada yangu uliyenilea,

Kamwene. Nakuandikia nikiwa na umri ambao wewe hukuufikia. Mkono wangu unatetemeka siku hizi, kwa hiyo usiutafute hapa ule mwandiko uliopenda kuwaonyesha wanawake wenzako, ingawa hukujua kuusoma.

Unakumbuka mwezi wa Juni wa kila mwaka, kabla sijawa mwalimu. Majani yalikuwa bado nusu mabichi, na umande ulikuwa haukauki mpaka jua lipande. Wanaume walitangulia na majembe, nanyi wanawake mkafuata kwa mstari, kila mmoja na tawi bichi mkononi, mkachoma mkanda mpana kuzunguka kijiji chote. Moto wa Juni ulikuwa mvivu, mlipoupiga, ulilala. Siku ya kuchoma uliichagua wewe. Ulichuma unyasi mmoja, ukauvunja karibu na sikio lako, ukasikiliza, kisha ukasema, "Bado," au, "Leo." Wawindaji wa ng'ambo ya kilima walipochoma nyika yao mwezi wa Septemba, moto wao ulifika kwenye mkanda wetu, ukakosa cha kula, ukafa.

Mwaka ule, katika miaka ya hamsini, nilikuwa nimerudi nyumbani na cheti cha ualimu. Karatasi ilikuja kutoka Bomani, Iringa. Jumbe wetu hakujua kusoma, akanikabidhi mimi barazani. Niliisoma kwa sauti: ni marufuku mtu yeyote kuchoma nyika bila kibali cha maandishi.

Ulicheka. "Bwana Mwalimu, na majani nayo yameandikiwa? Yatangoja kukauka mpaka kibali kije?"

Watu wote walicheka nawe, nami niliona umenivunjia heshima. Nilisema mbele ya baraza, "Dada, amri ni amri. Maombi nitayaandika mimi mwenyewe. Kibali kitafika kabla ya majuma mawili."

"Umesikia, mama?" akasema Jumbe. "Mwalimu amesema."

Ukaliweka tawi lako chini.

Niliyaandika maombi hayo usiku uleule. Nilipokaribia kutia sahihi, wino ulidondoka katikati ya karatasi. Niliona aibu kupeleka Bomani barua yenye doa, nikaitia ndani ya daftari la mahudhurio ili niinakili upya. Tarishi akapita, akaenda zake. Juma lililofuata tuliambiwa kwamba mkaguzi wa shule anakuja, nikashughulika na ubao, madawati na nyimbo za watoto. Nilipoikuta tena barua ile, Julai ilikuwa inakwisha.

Ulinikuta kisimani ukaniuliza, "Wamejibu?"

"Bado hawajajibu," nikasema.

Nilikudanganya, dada. Barua ilikuwa haijavuka kizingiti changu. Wewe uliinama, ukavunja unyasi, na safari hiyo hata mimi niliusikia ukilia. "Basi waache," ulisema. "Sasa hata wakijibu, anayewasha anajiunguza mwenyewe."

Siku yenyewe ya moto, mwezi wa Septemba, mlikuwa shuleni tangu asubuhi, wewe na wenzako, mkikandika kuta za darasa. Mikono yako ilikuwa na udongo mwekundu mpaka viwikoni. Nilikuwa nimesimama mlangoni moshi ulipoanza kupanda nyuma ya kilima, kule kwa wawindaji, nawe ukaja ukasimama kando yangu. Nasema kando yangu. Bega lako lilinigusa.

"Watoto wabaki ndani," nikasema. "Tufunge madirisha."

"Ndani ya nini? Paa hilo si nyasi? Mdogo wangu, una wazimu? Tokeni! Tokeni wote, vinyunguni!"

Ulitukimbiza kama mbuzi mpaka bondeni, kwenye vinyungu vyenu, bustani zile za kiangazi ambazo mifereji yake haikauki. Uliwalaza watoto kati ya matuta, ukawafunika kwa kanga zilizochovywa majini. "Pua kwenye tope! Atakayeinua kichwa nitamchapa mwenyewe!" Mmoja alilia kwamba sare yake itachafuka, ukamwambia kwamba mama yake atafua, akiwa hai. Moto ulikuwa umekwisha kuingia kwenye nyumba za juu. Hatukupoteza mtoto hata mmoja.

Kisha ukahesabu watu wazima, ukauliza, "Bibi yuko wapi?" Ulimtaja yule jirani yetu kikongwe ambaye miguu yake ilikuwa imekwisha nguvu. Ukageuka kupanda kijijini. Nilishika nguo yako.

"Niachie," ulisema. "Bado kuna njia."

Nilikuachia. Njia ilikuwa imekwisha.

Siku ya tatu alikuja mkubwa kutoka Bomani, akauliza ni nani aliyewasha moto. Jumbe alikiogopea cheo chake, akasema, "Ni marehemu huyu. Tangu Juni alikuwa akitaka kuchoma. Watu wote walimsikia."

Mkubwa akanigeukia. "Mwalimu, ni kweli alitaka kuchoma?"

"Ni kweli, bwana."

Lilikuwa jibu sahihi kwa swali lililoulizwa, nami nikaishia hapo. Kama ningeongeza kwamba moshi ulipoanza ulikuwa kando yangu, angeuliza sababu ya kijiji kukosa mkanda, na wakati huo daftari la mahudhurio lilikuwa kwapani mwangu. Ndicho kitu pekee nilichokiokoa shuleni. Barua ilikuwa bado imo ndani yake.

Wanakijiji walikuzika upesi, wakaondoka bila kuonja chakula cha msiba. Binti yako Yuditi akaitwa kisimani "mtoto wa mchoma kijiji", na alipopata umri wa kuolewa akahamia Mbeya, asirudi hata kwa Krismasi.

Mwaka huu nilipanda basi nikamfuata huko Mbeya, mtaa wa Ilomba. Nilimkuta uani akimenya viazi.

"Kamwene, mjomba. Umefikaje na magoti hayo?"

Nilimweleza yote bila kuketi. Aliendelea kumenya. Nilipomaliza aliniuliza, "Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe ni wa kwanza."

"Basi hujamwambia mtu. Mimi nilikuwa darasani siku ile. Nilimwona mama ana udongo mikononi. Niliwaambia wote, wakasema mtoto lazima amtetee mamaye." Akatupa ganda kwenye beseni. "Pale makaburini nilikuwa nakutazama wewe, mjomba. Nilisema moyoni, huyu ni mwalimu, huyu wakimsikia wataamini. Nikangoja. Nimengoja mpaka nimepata wajukuu."

Alinipa chakula, maana wewe ulimlea vizuri. Hakunisindikiza kituoni.

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi baada ya ibada kijijini kwetu. Nilisimama na fimbo yangu, nikataja jina lako kamili, nikasema kwamba hukuwasha moto ule, kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba watoto wote wa shule walipona kwa sababu yako. Nilitazama benchi kwa benchi nikimtafuta mtu mmoja aliyekuwa kwenye tope lile, mmoja tu aliyewahi kukulaani, ili nimwone akishtuka. Sikumpata. Wamekufa, au wamehama. Waliokuwapo walinitazama kwa upole, kama anavyotazamwa mzee aliyepotea njia. Nyuma kijana mmoja alimwuliza mwenzake, "Ni nani huyo anayesemwa?" Mwenzake akainua mabega.

Mzee wa kanisa alisubiri nikae. "Tunamshukuru mwalimu wetu," akasema. "Tangazo linalofuata ni la kwaya."

Pumzika, dada, kama waliozikwa namna ile hupumzika. Sikuombi msamaha, kwa kuwa sina njia ya kulipata jibu lako.

Ni mimi,
mdogo wako wa mwisho.