Shangazi, Nimeipata Harufu ya Gari Lako

Shangazi yangu Roda,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini nikianza bila salamu nitakuwa kama nimeingia chumbani kwako bila kubisha hodi, na kwa kosa hilo ulinichapa mara moja tu, nikakoma.

Nakuandikia habari za gari. Lile la spoti, jekundu, la milango miwili, ulilonunua kwa meneja wa shamba la mkonge alipokuwa anahama, wewe ukiwa karani wake, mpaka akina mama wa mtaa wetu wa Raskazone wakasema umerogwa. Uliniachia mimi. Na siku ya kwanza kulishika nilifanya jambo ambalo sikuwahi kukuona ukilifanya ila mara moja: nilikwenda sheli nikajaza tangi hadi juu. Nilifanya makusudi, nisikufiche. Miaka yote hukuvuka nusu. Ulibandika hata kipande cha plasta kwenye kioo cha mshale wa mafuta, palepale kwenye nusu, na tukikucheka unajibu, "Nusu inanitosha, kwani naenda Nairobi?" Mtaa ukakuita Bibi Nusu. Nami nilikuita hivyo, tena kwa kisirani, kwa sababu ya ile mara moja.

Unaikumbuka. Nilikuwa na miaka tisa, nakaa kwako tangu baba na mama waachane. Mama alikuwa Ushongo, ng'ambo ya kivuko cha Pangani, anapika kwenye nyumba ya wageni, na ulikuwa umeniahidi Jumamosi tutakwenda kumwona. Ukajaza tangi, ukanivisha gauni la njano ulilonishonea mwenyewe, tukaondoka. Njiani nikawa nakohoa. Ukafungua vioo vyote, ukaniambia nitoe kichwa nje nipigwe na upepo, nami nikadhani ni raha za safari. Tulipofika Kigombe, katikati ya njia, ukasimama. Ukaninunulia dafu, ukakaa unanitazama ninavyokunywa, kisha ukageuza gari.

"Mafuta hayatoshi, tunarudi," ukasema.

Nikatazama mshale. Ulikuwa juu kabisa, Shangazi! Nilikuwa mtoto lakini sikuwa kipofu. Nililia mpaka tukaingia mjini, na moyoni nikaamua kwamba ninyi upande wa baba hamtaki nimwone mama yangu. Wiki mbili baadaye ukaniambia twende tena. Nikakujibu, "Siendi na mwongo." Sikuamini mdomo wangu. Nilisubiri kofi, wewe ukarudi kwenye cherehani yako ukaendelea kushona. Baadaye mama alikuja kunichukua kwa basi, na safari ile hatukuitaja tena, si mimi wala wewe.

Basi, nikirudi kwenye habari za sasa, siku ya pili baada ya kulijaza, gari likanuka petroli. Si kidogo! Nilipofika kona ya kwanza kifua kilibana, kikaanza kupiga filimbi kama utotoni, nikashuka nikivuta dawa yangu ya pumu pembeni ya barabara huku dereva wa bajaji akiniuliza kama nimeona nyoka.

Nikalipeleka kwa Fundi Hamadi, Makorora. Alizunguka mbele na nyuma, akainusa injini kama anaonja pilau. Akabadilisha mpira wa mafuta, harufu ikaisha, tukapongezana. Nikajaza tena, ikarudi. Akafungua kabureta, akaisafisha, ikaisha. Nikajaza, ikarudi. Akabadilisha pampu, mambo yakawa yaleyale. "Dada," akaniambia, "wallahi, hili gari lina jini, na jini lenyewe linakunywa petroli."

Wanangu wakaniambia niliuze tu. Lakini unanijua, jambo likinishinda ndipo linaninyima usingizi. Nikawa naendesha na kunusa, naendesha na kunusa, kila siku natazama mshale, mpaka siku moja niko kwenye foleni ya samaki nikapiga kelele watu wakageuka. Nikamwendea fundi mbiombio.

"Fundi, si wewe uliyekuwa unaiondoa harufu. Mafuta yalikuwa yanapungua tu! Likiwa nusu halinuki."

Alininunia kidogo, halafu akacheka. "Kumbe ugonjwa uko juu ya tangi, na sisi tunatibu miguu!"

Tukafungua buti, tukang'oa ile kadibodi ya pembeni. Kulikuwa na mpira mnene unaounganisha mdomo wa kujazia na tangi, umepasuka upande wa juu. Na kwenye ufa, Shangazi, kulikuwa na kipande cha mpira wa baiskeli kimezungushwa na kushonwa. Kushonwa! Uzi mara mbili, kila pindo umerudiwa, fundo dogo mwishoni. Fundi alisema hajawahi kuona gari lililopigwa pindo. Mimi nikaupapasa kwa kidole, maana mshono ule ninao kwenye gauni la njano, liko sandukuni hadi leo.

Ulijua, basi. Jioni ile nikampigia mama simu, nikamuuliza kama anakumbuka Jumamosi ile tuliyoishia njiani.

"Shangazi yako alikuja hapa Jumatatu yake, kwa basi," akasema. "Alilia jikoni kwangu. Akaniambia, 'Wifi, nusura nikuulie mtoto. Midomo ilikuwa inageuka rangi.' Akaniapisha nisikwambie. Alisema utaliogopa gari, na gari ndilo pekee lililokuwa linakuchekesha siku zile."

Lo, Shangazi! Nilikuita mwongo, ukanyamaza. Mtaa ukakuita bahili, ukanyamaza pia, ukabandika plasta yako. Nimekaa na hasira hii mpaka nina mvi, nikakuzika nayo, na wewe ulikuwa unapima mafuta kwa ajili ya kifua changu. Nina swali moja tu na halitajibiwa: hata nilipokuwa mtu mzima, ninakutania mbele ya wageni, kwa nini hukuniambia? Au uliona haya? Au ulikuwa umeshanisamehe, ukasahau? Nisamehe kama hukusahau.

Fundi ameweka mpira mpya, na ule wako ulioshonwa nimeuomba, uko kwenye mkoba wangu. Asubuhi hii nimejaza tangi hadi likafurika kidogo, nikafunga vioo vyote kwa makusudi, nikanusa njia nzima. Sijasikia harufu yoyote. Nakuandikia nikiwa Kigombe, mlango uko wazi, dafu nimeshamaliza. Mama amepiga simu mara mbili kuuliza kama nimefika kivukoni, anasema wali unapoa.

Plasta sijaibandua. Mshale uko juu kabisa, kama siku ile.

Mafuta yanatosha, Shangazi. Naendelea.

Mtoto wa kaka yako,
yule wa gauni la njano