Msitu Ambao Hatukuuita Wetu

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimechoka kuongea na kaburi lako pale nyuma ya migomba huku majirani wakipita na kujifanya hawasikii. Nimeona bora nikuandikie, na barua naiacha wazi aisome anayetaka, hata mwenyekiti wa kijiji, ambaye siku hizi anacheka kabla hujamaliza utani. Mtu wa namna hiyo wewe ungemtazama mara mbili.

Unakumbuka nilipokuletea jiko la gesi? Nililipandisha kwa bodaboda kutoka Same, mgongo unaniuma, nikidhani utafurahi. Uliuzunguka ule mtungi kama mtu anayekagua mbuzi mnadani, ukauliza kama unalipuka, kisha ukaamuru ulale nje. Chai yake uliinywa, ukasema haina harufu ya nyumbani. Nilikucheka sana. Lakini siku nilipobandika makande, gesi ikaisha maharage yakiwa bado magumu kama kokoto, ilikuwa zamu yako kucheka. Ulikwenda mwenyewe kuleta kuni.

Muda si mrefu bei ya gesi ikapanda. Redio ilisema sababu ni vita vya mbali, na kwamba nchi zile zile zinazotuhimiza tuache moshi zimerudi kwenye makaa ya mawe kwa ajili ya usalama wa nishati. Ulipunguza sauti ya redio, ukaniuliza kana kwamba uamuzi ulikuwa wangu:

"Kwa hiyo wao wakiogopa baridi wanawasha makaa, sisi tukiogopa njaa tuzime kuni?"

Niliinuka nikaongeza kuni jikoni.

Ninachokumbuka zaidi ni asubuhi za msaragambo, kijiji kizima tukipanda kufanya kazi ya pamoja, kusafisha mfereji unaotoka ndani ya msitu wa mababu na kujaza ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Hakuna aliyeingia mle na panga. Majani na matope tuliyatoa kwa mikono. Nilikuwa mdogo, nikaropoka kwamba msitu wetu ni mzuri. Ulinishika bega.

"Usiseme wetu. Sema tunakopata maji."

Hukueleza zaidi, nami sikuuliza, maana watu wazima wote pale walisema hivyo hivyo. Mwenyewe alikuwa marehemu fulani wa zamani ambaye hata jina lake halitajwi ovyo, na sisi tulikuwa wanywa maji tu.

Wageni walikuja baada ya wewe kuondoka. Gari lao jeupe lilikuwa safi mno kwa barabara yetu, na hilo peke yake lilinitia shaka. Aliyezungumza alikuwa dada mmoja wa mjini, mpole, anayejua kuamkia wazee. Alieleza kwamba kuna kampuni ya ng'ambo inayochoma gesi na makaa kwa sababu watu wake hawawezi kukaa bila umeme, kwa hiyo itatulipa ili miti yetu ibaki imesimama, na moshi wake uhesabiwe kuwa umefidiwa. Nikauliza kama huo moshi utapungua. Akasema utafidiwa. Nikauliza tena, utapungua? Akasema ni swali zuri sana. Wewe ndiye uliyeniambia, Baba, kwamba mtu akilisifia swali lako basi hana nia ya kulijibu.

Kisha akauliza msitu ni wa nani. Wazee walitazama viatu vyao. Baba mdogo, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, alifumba macho. Mimi pia nilinyamaza, kwa heshima, kama ulivyonifundisha. Dada yule alisubiri kwa adabu, akatushukuru kwa ushirikiano, akaendelea na mengine. Tulirudi nyumbani tumeridhika kwamba hakuna aliyejifanya mmiliki.

Mwezi uliopita walirudi na tabasamu lile lile. Kwa kuwa hakuna ukoo uliojitokeza, walisema, msitu wote umeingia kwenye mradi mpaka vitukuu wako wazeeke. Hakuna kuingia, hakuna kuokota kuni kavu, hakuna msaragambo. Nilipouliza nani atausafisha mfereji, mmoja wao alisema asili inajisafisha yenyewe. Nilimtazama mikono. Sidhani kama imewahi kuzibua chochote. Majani yakiziba kule juu, ndiva haijai. Ndiva isipojaa, tangawizi yangu inanyauka, na kule bondeni Maore shangazi atapanda mahindi yake kwenye vumbi.

Sisemi hali ya hewa haijabadilika. Vuli siku hizi inakuja inapotaka, na mwaka jana ilitunyima kabisa. Miti lazima isimame, hilo hatukusubiri gari jeupe litufundishe. Ninachoshindwa kuelewa ni kwa nini hofu ya giza ya watu wa mbali itulizwe kwa mfereji wetu. Na ngoja nikuambie kila kitu: wameahidi bati jipya la zahanati, nami ninalitaka lile bati. Kwa hiyo siku hizi najishuku hata mimi mwenyewe.

Baba mdogo anasema tuache, msitu utajitetea, na atakayeuita wake atajiletea balaa. Labda anashika ulichokishika wewe. Labda mwenyekiti alishapita kwake jioni moja na bahasha. Nimemchunguza usoni wakati wa ibada mpaka nikaona aibu, sijapata kitu. Hapo ndipo ninapoumia, Baba. Siwezi tena kumtofautisha aliyenunuliwa na mwenye heshima, maana wote wananyamaza.

Kesho nateremka Same. Kuna kikao wilayani, cha mwisho kabla ya kutia saini, na nimesikia wataliuliza tena lile swali ili kutimiza utaratibu. Baba mdogo atakuwepo na atanyamaza. Wazee watatazama viatu. Dada yule atasubiri kwa adabu kama alivyosubiri mara ya kwanza.

Nimelifanyia mazoezi jikoni, makande yakichemka, neno moja tu ulilonikataza. Kila nikilitamka, nageuka kuangalia kama upo. Lakini wale hawajui neno "tunakopata maji". Kwao kitu kina mwenyewe au hakina, na kisicho na mwenyewe wanakichukua huku wakikushukuru.

Pumzika, Baba. Nakupenda, na wasiwasi wako nimeurithi wote. Kesho nitakaposimama, tafadhali, usinishike bega.

Ni mimi,
binti yako wa mwisho