Mashanza ya Bakwe Zako

Gisenyi

Amani, mutoto wa kaka yangu,

Salamu za huku kando ya ziwa. Jana nilipanda Bugeshi, kwao Chantal, kukuposea, kama ulivyonituma. Bon, mama yake akaniletea kikombe kikubwa cha muti, kimejaa maziwa. Unajua tumbo ya ukoo yetu: hata chai ya maziwa inatukimbiza nje. Lakini huku mugeni akikataa maziwa ya nyumba, ni kama amekataa na binti.

Baba yake akacheka: "Muzee, unaogopa ng'ombe zetu?"

"Mi? Kwetu nilinyonya ng'ombe mwenyewe!"

Nikafunga macho, nikameza. Kumbe ni mashanza, ile maziwa yenye kuganda, baridi, yenye uchachu kidogo. Nikangojea ngurumo. Tumbo kimya! Kumbe maziwa ikisha kuganda haitusumbui. Miaka yote hiyo nilijinyima bure. Nikaomba kingine, na kingine, mpaka ndama zikaanza kuniangalia vibaya.

Chantal wamekupa. Ila niliwaambia we unakunywa kunishinda, donc siku ya harusi watakujazia kibuyu kizima cha mashanza, wote wakuangalie. Anza mazoezi leo, mwanangu. Mungu akulinde, wewe na tumbo yako.

Baba mudogo wako,
Zakaria