Kiatu Cheupe cha Shangazi na Tope la Nyuma ya Mikoko

Bi Nuru mpendwa, shikamoo.

Nakuandikia unisaidie kuchagua viatu, na najua wasomaji wako wengi huleta mambo ya ndoa na ya wakwe, lakini kwangu hili nalo ni zito, kwa sababu nipo kidato cha tatu, nakimbia mbio za nyika, na Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa ya mwezi mwandamo, maana nyumbani tunahesabu hivyo, kutakuwa na mbio za kilomita sita upande wa Mikindani ambako wasichana wanne wa kwanza watachukuliwa kwenda kambini kwenye timu ya mkoa, na baba amesema nikiingia kwenye hao wanne ataniacha niendelee, nisipoingia basi kukimbia kumekwisha, nikitoka shule nirudi nyumbani kama wasichana wengine. Mwaka jana nilikuwa wa sita.

Njia yetu ina ardhi za aina nne. Inaanza kwenye mchanga wa mashamba ya mikorosho, inapanda kilima cha udongo mwekundu, inashuka hadi kwenye mawe ya matumbawe karibu na ufuko, halafu inapita kwenye tope nyuma ya mikoko ndipo umalizie uwanjani.

Nina raba jozi mbili. Za kwanza ni nyeupe, mpya, nyepesi, zina soli nene na laini kama godoro, na chini ni tambarare. Alininunulia shangazi yangu Rukia, anayewapikia wapakizi wa korosho pale bandarini, na kabla sijazivaa alikuwa ameshazionyesha nusu ya mtaa wetu wa Rahaleo, na yeye na wenzake wamenunua sare za khanga ili waje kukaa pale mwisho wa mbio. Za pili ni za mtumba, nyeusi iliyochujuka, zina meno marefu chini na kingo ngumu mbele ya vidole. Hizo alinichagulia Mwalimu Emmanueli, anayetufundisha mbio, kwenye lundo la kaka mmoja anaitwa Hemedi.

Kwa kuwa tumefundishwa darasani kwamba ukitaka kulinganisha vitu viwili lazima hali nyingine zote zifanane, niliamua kupima kwa haki, yaani Jumamosi ya tarehe nane nilivaa cheupe mguu wa kushoto na cheusi mguu wa kulia, nikakimbia njia nzima, na Jumapili ya tarehe tisa nikabadilisha miguu nikarudia, na kwenye kila ardhi nilisimama nikaandika kwenye daftari nimeteleza mara ngapi na kwa mguu upi. Wenzangu walicheka sana. Joyce, ambaye ndiye hunishinda, aliniambia, "Somoe, mguu mmoja unaenda harusini na mwingine unaenda kulima, wewe mwenyewe unaenda wapi?" Mimi nikaendelea kuhesabu.

Matokeo ni haya. Mchangani cheupe kilikuwa chepesi, cheusi kiliingiza mchanga. Kilimani vililingana. Kwenye mawe cheupe kilikuwa laini, ingawa jiwe moja lilinipiga kidole gumba na ukucha sasa ni mweusi. Kwenye tope hakuna kilichoteleza hata mara moja. Kwa hiyo cheupe kimeshinda mara mbili na kutoka sare mara mbili, na moyo wangu ulifurahi, kwa sababu nikivaa vyeupe shangazi hataumia. Lakini toka siku hiyo goti linaniuma kidogo, na nikiwauliza watu kila mmoja anasema lake. Shangazi anasema, "Mwanangu, watu hawatazami matokeo, wanatazama miguu." Hemedi anasema hizo nyeupe ni za kupokelea posa. Mwalimu Emmanueli alichagua nyeusi, lakini nikimuuliza sababu anasema enzi zao walikimbia peku na hawakufa.

Bi Nuru, daftari linasema vyeupe. Je, nilifuate?

Wako mtiifu,
Somoe, Rahaleo

*

Marahaba, Somoe.

Nimesoma barua yako mara mbili, ya kwanza kwa kucheka. Ukurasa huu nimeukalia miaka kumi na moja. Nimeandikiwa na wanaume wenye nyumba mbili, na wanawake waliojificha chini ya kitanda cha mtu. Msichana aliyevaa viatu viwili tofauti kwa hiari yake, kilomita sita, siku mbili mfululizo, halafu akashangaa goti linamuuma, huyo ni wa kwanza.

Kimoja kina soli ya godoro, kingine ni chembamba. Ulikuwa unakimbia kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Unasema hali zote zilifanana. Kiuno chako kilikuwa kimepinda, ndicho kilichofanana siku zote mbili, Jumamosi kikapinda huku na Jumapili kule. Viatu ni jozi, binti. Vinapimwa jozi.

Lakini hilo ningelisamehe. Kosa lako kubwa lipo kwenye tarehe, ambazo umeziandika vizuri kwa mkono wako na hukuzisoma. Ulikwenda nyuma ya mikoko tarehe nane na tisa. Mimi ni mzaliwa wa Mikindani. Nimeokota chaza na mama yangu kwenye mikoko hiyo kabla sijajua kusoma, na hakuna mwanamke pale ambaye angekwenda tarehe nane. Ni maji mafu. Bahari haifiki nyuma ya mikoko siku hizo, pale juu hukauka mpaka pakapasuka, unaweza kuanika muhogo. Umeandika kwamba hakuna kiatu kilichoteleza kwenye tope. Tope gani, Somoe? Ulikimbia sakafuni.

Tarehe ishirini na tisa mwezi ni kiza. Hiyo ni bamvua, maji makubwa. Alfajiri maji yatakuwa yamepanda mpaka kwenye mizizi ya mwisho, na mtakapofika nyinyi kwenye saa tatu yatakuwa yanarudi, yameacha tope bichi, jeusi, la kuzama hadi katikati ya muundi. Hapo ndipo mbio zitakapoamuliwa, kwa sababu ni mwisho na wote mtakuwa mmechoka. Kiatu cha chini tambarare kitakwenda kama sabuni. Na hiyo soli ya godoro unayoisifu, pamoja na kitambaa chake laini, itakunywa maji, na ule wepesi wake utauacha kwenye hatua ya kumi. Meno marefu yenye nafasi kati yake hushika na kutema tope. Hiyo ndiyo sababu Mwalimu Emmanueli alizichagua, na angekuwa mwalimu kweli angekueleza badala ya kukusimulia nyayo zake za ujanani. Walikimbia peku kwa sababu hawakuwa na viatu. Hilo asilifanye sifa.

Kwenye matumbawe usinidanganye na ulaini. Soli laini huruhusu jiwe lipenye, na ukucha wako mweusi umeshatoa ushahidi ambao hukuuhesabu. Ulikuwa mguu upi? Hukuandika, na mimi nakuambia ni ule wenye cheupe, maana cheusi kina kingo. Kilimani, kama vililingana pakiwa pakavu, ombea mvua isinyeshe, na ikinyesha shukuru una meno. Mchangani tu ndipo vyeupe vinashinda kwa haki. Mchanga kuingia kiatuni ni kero ya dakika chache mwanzoni: vaa soksi nyembamba ndefu, ikunjie juu ya mdomo wa kiatu, funga kamba hadi tundu la juu kabisa ili kisigino kisicheze. Umemaliza.

Kwa hiyo vyeusi. Hukuwa na haja ya kuniuliza, ulikuwa na haja ya mtu wa kumwambia shangazi yako.

Huyo sitamwambia mimi. Nenda wewe bandarini kesho ukitoka shule, peke yako, usimtume mama. Msalimie, msaidie kuosha masufuria, kisha mwambie kwamba viatu vyake ni vya barabara, na utavivaa kila siku ya mazoezi ya lami, na ukichaguliwa utakwenda navyo kambini, lakini siku ya tope utavaa vya tope. Atanuna. Mwache anune, mtu aliyekaa juani anapika tangu alfajiri akakukumbuka wewe ana haki ya kununa nusu saa. Akikuambia watu wanatazama miguu, mjibu kwa heshima kwamba ukitoka kwenye mikoko ile hata yeye hatajua ulianza na rangi gani. Hizo khanga mpya nazo aziache, avae za zamani, na asikae karibu na mstari.

Sasa kazi. Pumzisha goti siku tatu, na likiendelea kuuma nenda zahanati, usimwendee Hemedi. Kata kucha leo. Jumatano kabla ya mbio, tarehe ishirini na sita, maji yatakuwa yameanza kukua: vaa vyeusi vyote viwili, naandika tena, vyote viwili, nenda na mwenzako mpite kwenye tope mara mbili, polepole, hatua fupi, mkanyage kwa unyayo wote. Tafuta pembeni penye mizizi, pana ugumu. Ukirudi vioshe kwa maji baridi uvianike kivulini, jua litaikausha gundi na soli itabaki Mikindani. Alhamisi na Ijumaa usikimbie. Lala.

Amebaki baba yako. Umeliandika neno lake mwanzo wa barua na hukuligusa tena, kama vile ni hali ya hewa. Ukiingia kwenye wanne, mambo yamekwisha na hahitaji kusikia lolote kutoka kwangu. Ukiwa wa tano ukaniandikia kwamba ni viatu, nitakucheka hapa hapa kwenye ukurasa huu, kwa jina lako kamili. Lakini ukiwa wa tano na umekimbia vizuri, niletee jina lake na mahali anapokaa jioni. Barua yake nitaiandika mwenyewe kwa mkono, na hiyo haitachapishwa.

Bi Nuru