Nyakeza Halitaki Nusu Goti

Mama yangu mpendwa,

Nakuandikia kutoka Kibondo, saa ya chai, nikiwa nimevaa sare nyeupe ya uuguzi ambayo hujawahi kuiona. Nina jambo la kujivunia, na wa kwanza kulisikia lazima uwe wewe.

Unakumbuka sufuria ya maharage? Nilikuwa na miaka saba, pale nyumbani Kasulu, nikaikwaa ikanimwagikia gotini. Kidonda kilipofunga, goti likakakamaa. Hospitali walisema nilikunje kila siku, na kila siku nililia mpaka majirani wakaja kunitetea. Mmoja alikwambia, "Mwache mtoto, wapo wengi wanaochechemea." Kesho yake asubuhi ukaniambia habari za ua linaloitwa nyakeza.

Ulisema linaota Ng'ambo ya Mawingu, nchi ambayo mvua hunyesha kwenda juu na watu huanika mahindi kwenye mbalamwezi. Lina rangi ya ndani ya pera lililoiva, na petali yake moja huondoa maumivu yoyote. Ila lina makuu. Huinamisha kichwa na halifunguki mpaka lisalimiwe Kiha, kama mkubwa: magoti yote mawili chini, makofi ya taratibu, "mwakeye", kisha unangoja liitikie.

"Nusu goti halitaki," ulisema. "Litakuona huna adabu."

Siku ya kwanza niliinama upande mmoja kama kuku mgonjwa, nikapiga makofi harakaharaka. Ukatikisa kichwa: "Limenuna." Tukaenda hivyo msimu mzima, goti likisogelea mkeka kidogo kidogo. Siku magoti yote mawili yalipogusa chini, ulisema, "Limeitikia." Ukatoka nje. Nilidhani umeenda kulichuma.

Nilipokua nikaiona kuwa hadithi tu. Hata niliposomea uuguzi sikuunganisha. Mpaka mwezi uliopita, nilipoletewa binti mdogo kutoka Kasanda mwenye kovu kama langu. Nikimgusa goti anapiga mayowe, na mama yake, kwa uchovu, alikuwa ameshaamua kumrudisha nyumbani hivyohivyo. Nikakaa sakafuni nikamwambia mtoto kuna ua ambalo mama yangu alinifundisha kulisalimia. Nilipofika kwenye magoti mawili, nikakwama katikati ya maneno.

Ndipo nikaelewa, Mama. Wewe usiyevuka darasa la nne uliificha dawa ndani ya salamu, maana ulijua mtoto wako angekataa kila kitu isipokuwa kumsalimia mkubwa. Nimefundishwa na watu wenye vyeti vingi, na hakuna aliyekufikia. Najivunia kuwa mwanao, na kazini nalisema hilo waziwazi, wakichoka wanivumilie.

Jana yule binti alishusha goti la kwanza, akauma meno, akashusha la pili. Akapiga makofi. Akasema "mwakeye", akangoja. Kabla sijamwambia limeitikia, machozi yakanitangulia. Nikatoka nje kama ulivyotoka wewe.

Niliporudi alikuwa bado amepiga magoti, ananitazama kwa huruma.

"Nesi, usilie. Limeshaitikia."

"Limesemaje?"

"Limeuliza kama aliyekufundisha hajambo."

Nikamwambia kuwa hujambo, Mama.

Kwa magoti yote mawili,
Binti yako