Pasi ya Fundi

Jumatano, tarehe 9

Mdogo wangu mpenzi,

Mguu unaendelea vizuri. Yule binti wa mazoezi amesema, "Bibi, utacheza ngoma wewe!" Nikamjibu kwamba hata kabla ya kiharusi sikujua kucheza.

Jumamosi mwanangu anakuja kuona kama naweza kuendelea kuishi peke yangu. Akiona siwezi, nyumba inafungwa, nahamia kwake. Jana nikaamua kulipiga pasi shati alilolisahau hapa, alikute limenyooka aache maneno. Unayajua mazoea yetu mafundi cherehani: nililamba kidole cha mkono wa kulia, nikakigusisha kwenye pasi kupima moto. Ikalia tssss. Nikangoja kuhisi moto, sikuhisi kitu. Mpaka niliposikia harufu, ndipo nikautoa mkono.

Kidole nimekifunga kitambaa. Nitasema nimejichoma sindano. Mwanangu hajui kwamba mkono huo hausikii moto, na sitaki ajue.

Pasi nakuletea kwa huyu jirani aliyebeba barua. Mwanangu akiuliza, mwambie nimekuazima. Na usinirudishie, hata nikija kuiomba mwenyewe.

Ni mimi dada yako, bado niko kwangu.